Jinsi ya Kusafiri na Kikwapa Chako Kutoka Jinja Hadi Mbale

Kwanza, usioge. Unatoka Jinja, mji ulio palepale Nile inapoanzia safari yake. Kuyakwepa maji mahali kama hapo kunahitaji msimamo. Jasho lenyewe halina harufu kubwa. Harufu huletwa na bakteria wanaolila kwapani, penye joto na unyevu. Sabuni ingewaondoa wengi wao, lakini wewe ni mtu wa huruma.

Pili, chagua jirani. Kwenye taksi ya abiria 14 inayopitia Iganga na Tirinyi, keti karibu na gunia la mukene, wale dagaa wa ziwani. Lawama zote zitaangukia gunia. Wakati wa kurudi mtafute mama aliyebeba malewa, machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon yaliyokaushwa kwa moshi. Moshi ule husitiri mengi.

Limau? Wenye akili hupaka kidogo, wakasuuza, wakavaa shati la mikono. Wewe nyoa kwa wembe, paka limau zima papo hapo (utaimba), kisha panda bodaboda na singlendi yako, mkono mmoja juu ukipungia watu. Maji ya limau na jua kali vikikutana kwenye ngozi huweza kuleta malengelenge na madoa meusi. Watu wataanza kukuhurumia, na anayehurumia hanusi.

Shabu iogope kabisa. Kile kijiwe cheupe hulowanishwa na kupitishwa kwapani baada ya kuoga, basi. Ni rahisi, hakinukii chochote, kinakaa miezi. Kitu kisichotangazwa redioni utakiaminije?

Ila mambo yote yako kwenye shati. Jinja ulikuwa mji wa nguo. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, umeme ukaja, na katika miaka hiyohiyo kiwanda cha Nyanza Textile kikawa kinafuma vitambaa vya pamba. Leo wajukuu wa wafumaji wale wanavaa jezi za poliesta za mitumba, kwenye joto la ziwani! Mwaka 2014 watafiti wa Ubelgiji walichapisha matokeo yao: waliwavisha watu fulana za pamba na za poliesta, wakawatoa jasho kwa mazoezi, wakaziacha fulana hadi kesho yake ndipo zikanuswa. Za poliesta zilinuka vibaya zaidi. Kwa hiyo shikilia jezi yako ya Arsenal. Ifue usiku, usiianike juani, ivae alfajiri ikiwa bado mbichi.

Mbale sasa. Wazee wa huko hukumbusha kwamba mji wao uliwahi kusifiwa kwa usafi Afrika Mashariki nzima, hivyo usishuke Jumatatu tu ya kawaida. Ngoja Agosti ya mwaka wa shufwa, imbalu, sherehe ya tohara ya huko, inapofunguliwa pale Mutoto. Vijana wanaosubiri kutahiriwa wamepakwa unga mwili mzima, umati unacheza tangu asubuhi, vumbi limetanda, kila mtu amelowa. Jipenyeze katikati na unyanyue mikono yote miwili.