Muulize Bibi Solfa: Mtoto, Piano na Kitabu cha Nadharia

*Bibi Solfa, huyu mwalimu si ananikamua? Namlipia binti yangu masomo ya piano kila Jumamosi, na sasa ananitaka ninunue kitabu cha nadharia. Mtoto nimempeleka akapige, si akaandike.*
Baba Mwenye Risiti, South B, Nairobi

Pole kwa mfuko, Baba. Lakini kabla hujamgombeza mwalimu, ijue mitihani ya ABRSM, ile bodi ya London. Mtoto anaweza kupanda piano kutoka daraja la 1 hadi la 5 kwa vidole vyepesi na kumbukumbu kali. Akilitaka la 6, anaulizwa cheti cha nadharia cha daraja la 5, au mbadala unaokubaliwa na bodi. Hapo ndipo wazazi huanza kukimbizana na walimu wa likizo, na kazi ya miaka mitano humezwa ndani ya Desemba moja.

Hata hivyo hasira yako si ya bure. Fungua daftari la binti. Anachoandika wiki hii kinahusiana na anachopiga wiki hii? Kama anapiga wimbo wa mapigo matatu na daftari linamfundisha mapigo matatu, lipa ukitabasamu. Kama daftari liko kwake na piano iko kwake, huo ni mwandiko tu. Gomba, nami niko nyuma yako.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni wa kwaya, najua do re mi basi. Mwanangu akinionesha ile mistari mitano natoka jasho. Nitamsaidiaje?*
Sauti ya Pili, Moshi

Marahaba, mwanangu. Nani kakudanganya kwamba solfa si nadharia? Sarah Glover wa Norwich aliipanga kwa ajili ya watoto, John Curwen akaieneza Uingereza katika karne ya 19, wamisionari wakaileta huku. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake tunaiimba katika Mungu Ibariki Afrika, aliandika nyimbo zake kwa solfa. Usijidharau.

Fanya hivi. Mwambie mtoto aanzie C, apige funguo nyeupe tupu kupanda hadi C nyingine, nawe uimbe do re mi mpaka do ya juu. Mtakubaliana. Sasa aanzie G, nyeupe tupu tena. Mtakwenda vizuri hadi la. Mkifika ti, piano itakuwa imelegea, na sikio lako la kwaya litakataa. Usimwambie kitu. Mwache atafute mwenyewe. Atagusa ufunguo mweusi ulio juu ya F, na uso utamkunjuka: ameivumbua F-shapu. Kisha muulize kwa nini. Jibu ni kwamba toka mi kwenda fa, na toka ti kwenda do, hatua ni nusu. Zilizobaki ni nzima. Huyo sasa anaweza kujenga skeli ya meja popote utakapomweka, na ile alama ya shapu mwanzoni mwa mistari haitakuwa tena mdudu wa kukariri.

Kwa mistari yenyewe, E G B D F toka chini kwenda juu, mpe hii: *Ester, Gawia Baba Dafu Fasta.* Za Kiingereza zipo, ila mtoto wa Kichaga hacheki akizisikia.

*Wangu hupata zote kwenye programu ya simu, lakini ukimwambia apige makofi ya 6/8 anapiga ya 3/4. Kuna tofauti kweli? Zote si kwava sita?*
Mama wa Kisauni, Mombasa

Sita ndiyo, ila mgao ni mbali. 3/4 ni mbili mbili mara tatu. 6/8 ni tatu tatu mara mbili. Nawe unakaa Mombasa unaniuliza mimi? Mpeleke kwenye chakacha. Mguu ushike mbili, makofi yagawe kila moja katika tatu. Simu ibaki nyumbani.

*Mwanangu ana miaka 4. Nianze na kitabu gani cha nadharia?*
Mama Mapema, Tanga

Hakuna. Muimbie.

*Bibi, naona aibu. Nilimfanyia mtoto zoezi la nadharia kwa siri asichelewe kulala. Nimepata 3 kwa 10. Mtoto ananicheka, mwalimu anataka kumwona.*
Baba Alama Tatu, Kimara

Umepata ulichokitafuta. Mtihani wa nadharia wa ABRSM wa mtandaoni, daraja la 1 hadi la 5, una alama 75 na kufaulu ni 50. Kwa mwendo wako hata kizingiti hamtakivuka. Kosa lako si ujinga wa nota, ni kushika kalamu isiyo yako. Mrudishie. Halafu kila jioni baada ya chakula, akufundishe yeye somo la wiki, dakika kumi, nawe uulize maswali ya kijinga bila haya, unayo mengi. Akikwama kukueleza, mtajua wote wawili pa kumuuliza mwalimu.

Na hiyo 3 usiifute. Jumamosi nenda mwenyewe kwa mwalimu, umwambie ni ya nani.