Mwongozo wa Kusuluhisha Kompyuta Zisizosemezana

Ruta ni moja, paa ni moja, lakini mashine tatu hazisemezani. Baba anatumia Windows 11, binti ana Mac, na pembeni mwa sebule iko kompyuta ya mezani iliyochoka, ikawekewa Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux, na kupata ujana mpya. Picha na video zote za harusi ya dada mkubwa zimo humo kwenye Ubuntu, na binti anazitaka. Anafanya nini? Anajitumia moja moja kwa WhatsApp. Bando linakwenda ng'ambo na kurudi ili tu kuvuka sebule, na picha zinafika zimebanwa hadi nakshi za hina hazionekani. Hali hii haifai, na inaweza kwisha leo jioni.

Vaa kanzu, keti mkekani, uziite pande zote tatu kama mzee anayesuluhisha ndoa. Mzee mwenye busara haanzi kwa kung'oa milango. Kwa hiyo mafundi wa njia ya mkato watakapokushauri uzime ukuta wa ulinzi, uondoe nywila na umpe kila mtu ruhusa zote, washukuru, wape chai, uwasindikize. Dawa yao huacha picha za familia wazi kwa kila simu iliyowahi kupewa waifai ya nyumba hiyo.

Swali la kwanza la baraza: je, hawa wanakaa nyumba moja kweli? Kwenye Windows andika ipconfig, kwenye Ubuntu andika ip a, na kwenye Mac tazama mipangilio ya waifai. Katika ruta nyingi za nyumbani, mafungu matatu ya mwanzo ya anwani hufanana, mathalani 192.168.1. Mmoja akisema 192.168.0, huenda kuna ruta ya pili imefungwa nyuma ya ile ya kwanza, naye kajificha huko. Akisema 169.254, hakupewa anwani na ruta, amejipa mwenyewe. Na kama binti ameunganishwa kwenye waifai ya wageni, usihangaike zaidi, maana mtandao huo kwa kawaida umewekwa makusudi ili wageni wasizione mashine za wenyeji. Mhamishe. Amri ya ping, inayobisha hodi kwenye mashine nyingine, nayo inasaidia, ila ukuta wa ulinzi wa Windows unaweza kuinyamazia, kwa hiyo ukimya wake pekee si ushahidi.

Halafu mwite mtu kwa anwani, si kwa jina. Tuseme anwani ya Ubuntu ni 192.168.1.20. Kwenye Windows andika \\192.168.1.20 katika upau wa juu wa dirisha la mafaili. Kwenye Mac bonyeza Command na K, uandike smb://192.168.1.20. Anwani ikiitika na jina likagoma, ugomvi umekwisha nusu: folda iko hai, kilichokosekana ni matangazo. Windows ya leo hutafuta jirani zake kwa njia ambayo Samba, programu ya Ubuntu ya kushirikisha mafaili, haiifuati yenyewe, na kifurushi kidogo kiitwacho wsdd huziba pengo hilo. Kwenye Windows hakikisha pia mtandao wa nyumbani umewekwa kuwa wa faragha, si wa umma, kwa kuwa kwenye mtandao wa umma Windows hujifungia ndani. Kwenye Ubuntu, kama ukuta wa ulinzi umewashwa, amri ya sudo ufw allow samba yatosha. Huna haja ya kuuzima.

Sasa lugha. Zote tatu zinajua SMB, itifaki iliyozaliwa IBM miaka ya 1980 na kulelewa na Microsoft. Ubuntu inaizungumza kwa hisani ya Andrew Tridgell, aliyeanza kuandika Samba mjini Canberra, Australia, mwishoni mwa 1991, kwa kuchunguza mashine zinavyotumiana ujumbe na kuiga zinachosema. Kila anayenakili faili kutoka Linux kwenda Windows bila kulipa hata senti ana deni la shukrani kwake na kwa waliomfuata. Apple nao waliifanya SMB2 kuwa njia yao ya kwanza ya kushirikishana mafaili mwaka 2013.

Tatizo liko kwenye matoleo. Mtu atakuambia uirudishe SMB1, na kweli, kifaa cha zamani kitaamka hapohapo. Kataa. Mwezi Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilisambaa duniani kwa kupitia tundu la SMB1, ikafunga mafaili na kudai fidia, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya watu. Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Machi mwaka huo. Mashine nyingi hazikuwa zimekiweka. Kuanzia mwishoni mwa 2017 Windows 10 ikaacha kuiweka SMB1 inaposakinishwa upya. Kifaa kisichojua lugha nyingine zaidi ya hiyo kistaafishwe kwa heshima. Kisha tazama ruta: mlango namba 445, ambao SMB huutumia, usifunguliwe kamwe kuelekea intaneti.

Tunafika penye kesi nyingi zaidi, yaani nywila. Baba anaapa kwamba anaandika namba sahihi, na anasema kweli, ila ile ni PIN ya kufungulia kompyuta yake, nayo haivuki mtandao. Anayeingia kutoka mashine nyingine anahitaji nywila halisi ya akaunti. Akaunti isiyo na nywila kabisa nayo Windows huikatalia mtandaoni. Upande wa Ubuntu, Samba hutunza daftari lake la nywila, mbali na lile la kuingilia kwenye mashine, kwa hiyo lazima uandike sudo smbpasswd -a ukifuatisha jina la mtumiaji. Na kwenye Mac, kuwasha kushirikisha mafaili hakutoshi. Ndani ya chaguo zake kuna orodha ya akaunti kwa ajili ya Windows, na yako isipotiwa tiki utagonga hadi usiku. Tiki hiyo ndogo imewatesa watu wengi mno, na Apple wangeiweka mahali pa wazi.

Kuna pia ukaidi wa kumbukumbu. Windows huhifadhi nywila ya zamani na kuendelea kuitumia kimyakimya hata baada ya wewe kuibadilisha. Isitoshe, inakataa kuingia kwenye seva ileile kwa majina mawili tofauti kwa wakati mmoja, na hapo hutoa kosa namba 1219. Amri ya net use * /delete hukata miunganisho yote. Kisha futa nywila iliyohifadhiwa na uanze upya. Na ikiwa folda isiyo na nywila ilifunguka juzi na leo haifunguki, angalia kama Windows 11 Pro imepanda hadi toleo la 24H2 la mwaka 2024. Toleo hilo halimruhusu tena mgeni asiye na jina. Mtengenezee jina na nywila. Lina haki ya kukataa.

Ukiingia na bado folda haifunguki, kumbuka kuna ruhusa mbili: ya kushirikisha na ya folda yenyewe, na kali zaidi ndiyo inayoshinda. Tangu toleo la 21.04, Ubuntu huyafunga makazi ya kila mtumiaji kwa wengine, kwa hiyo weka picha za pamoja kwenye folda ya nje, kama /srv/familia, umilikishe kundi la watumiaji wa nyumbani.

Majina ya mafaili yasikupotezee muda mwingi. Windows haikubali nukta mbili wala alama ya kuuliza, na faili lenye jina hilo huonekana kwa herufi zilizovurugwa. Linux nayo huhesabu Hina.jpg na hina.jpg kuwa picha mbili.

Mwisho, ingia kwenye ruta uitengee kompyuta ya Ubuntu anwani moja ya kudumu. Bila hivyo umeme ukikatika na kurudi huenda ikapewa nyingine, na njia zote za mkato mlizoweka zikaelekea pasipo mtu. Nakili video moja kubwa kwenda Mac na nyingine kurudi, uzime ruta, uiwashe, ujaribu tena. Ikipita, mwite binti achukue picha za dada yake.