Taa Mbili za Mkonga

Mwenye gari hapiti tena Muhutwe mchana kama anaweza kulikwepa jua. Jumamosi moja aliongoza msafara wa posa kutoka Kashozi kwenda Muleba, mvua ikinyesha, yeye kwenye usukani wa Land Cruiser ambayo Watanzania wameibatiza mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililosimama ubavuni mwake. Nyuma walikaa mshenga, wazee wawili waliovaa kanzu na koti, shangazi wa bwana harusi, na dumu la rubisi lililofungwa kwa majani ya mgomba. Taa kubwa zimewashwa, waipa zinakwenda, feni inapuliza kioo. Walipokaribia Muhutwe, taa mbili zikajitokeza kwenye deshibodi: ya betri na ya maji kwenye dizeli. Hazikuwaka vizuri. Zilififia tu, za kukufanya ujiulize kama ni taa au ni macho.

Kisha waipa zikaanza kuzembea, taa za mbele zikawa za njano, na injini ikazima.

Shangazi ndiye aliyeshuka wa kwanza. Alivua viatu, akakaza kitenge, akaamuru wazee washuke. "Waitu, posa haingoji fundi," alisema, wakasukuma. Gari lilikohoa, likakata. Likakohoa tena, likakata. Vijana wa bodaboda walisimama kutazama, mmoja akatoa ushauri, mwingine akatoa simu. Hatimaye ujumbe mzima ulifika ukweni juu ya Fuso la ndizi, kanzu zina matope hadi magotini, na mshenga, aliyekuwa amejiandaa kueleza uwezo wa ukoo wa kijana, akaanza hotuba kwa kuomba maji ya kunawa.

Kinachouma zaidi ni kwamba kusukuma kote kule hakukuwa na maana yoyote. Dizeli ni injini ya ajabu. Rudolf Diesel aliomba hataza yake Ujerumani mwaka 1892, mwaka uleule ambao Mapadre Weupe walifungua misheni ya Kashozi, na wazo lake lilikuwa kuachana na cheche: hewa ibanwe kwa nguvu ndani ya silinda mpaka ipate joto kali, mafuta yanyunyizwe humo, yawake yenyewe. Injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, ile inayobeba mikonga mingi ya Afrika Mashariki, bado inafuata wazo hilo, na pampu yake ya mafuta inaendeshwa kwa meno ya chuma, bila kompyuta. Ikishawaka, umeme inaouhitaji ni mdogo sana: kushikilia vali ndogo ya sumaku inayoruhusu dizeli ipite. Ukizima ufunguo vali inafunga, injini inalala. Betri ikifa kabisa, vali inafunga vilevile, hata kama ukoo mzima unasukuma. (Diesel mwenyewe alitoweka usiku wa Septemba 1913 akiwa kwenye meli kuelekea Uingereza. Mwenye gari haoni kama hilo ni fumbo.)

Kutafuta kilichomaliza betri ndiko kulikochukua wiki nzima na fedha ambazo zingenunua mbuzi wa kuombea radhi ukweni.

Fundi wa kwanza alitazama taa ya maji kwenye dizeli na kutangaza kwamba kuna maji kwenye dizeli. Hakuna wa kumlaumu. Taa ndivyo inavyosema. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini ya chujio, na humo kuna boya dogo: maji yakipanda, boya linapanda, taa inawaka. Alilegeza koki, akakinga kwa chupa ya maji iliyokatwa shingo, akainua juani. Ilishuka dizeli safi, haina hata tone la maji. Fundi alitikisa kichwa kwa huzuni na kusema tubadilishe chujio pamoja na sensa yake, tuone.

Wa pili alikuja na kompyuta ya kupimia magari ndani ya begi jeusi. Alipekua chini ya usukani, akavua kofia, akalala chali, akapekua tena akitafuta soketi ya kuchomeka waya wake. Gari halina soketi hiyo. Halina hata kompyuta ya injini ya kuzungumza nayo. Alidai ada ya upimaji, akalipwa.

Wa tatu, fundi umeme wa palepale Kashozi, hakuwa na begi. Aliwasha gari, akaweka mita kwenye betri: volti 12.1, injini ikiunguruma. Ilipaswa kuwa karibu 14. Akachukua mpini wa spana, akaigonga alterneta mgongoni, pole pole. Taa zote mbili zikazimika, mita ikaruka hadi 14.2. Akaongeza resi, gari likatikisika, zikarudi.

Hapo ndipo raha ilipo, na mwenye gari huwasimulia hata wasiouliza. Alterneta haizalishi kitu mpaka ipewe umeme kidogo wa kuanzia, na umeme huo hupitia vipande viwili vya kaboni vinavyokandamizwa na springi juu ya pete zinazozunguka. Kaboni huliwa taratibu. Zikibaki fupi, springi inaishiwa nguvu, zinagusa na kuachia kwa kadiri ya mashimo ya barabara. Taa ya betri nayo imefungwa kati ya swichi na alterneta. Alterneta ikichaji, pande zote mbili zina volti sawa, mkondo haupiti, taa inazima. Ikichaji nusunusu, taa inawaka nusunusu. Na ile ya maji? Toyota waliiunganisha kwenye waya uleule wa alterneta ili iwake kila ufunguo unapofunguliwa, dereva ajue balbu ni nzima. Kaboni zikichoka, balbu ya maji inawaka kwa sababu ya umeme.

Kaboni mpya zilibadilishwa kabla chai haijapoa, kwa bei ya soda chache.

Lakini hesabu iangaliwe. Gereji zetu huuza kubahatisha kwa bei ya ujuzi. "Tubadilishe tuone" maana yake mteja analipa, fundi anaona. Vipimo viwili vya mita, gari likiwa limezima na likiwa linaunguruma, vingemaliza kazi siku ya kwanza. Siku hiyo hakuna aliyevichukua kwa kuwa kupima hakuuzi kipuri. Chujio na sensa vya zamani vilikuwa vizima na fundi wa kwanza aliondoka navyo. Vile vipya mwenye gari alivirudisha dukani na risiti mkononi. Muuzaji alionyesha kibao ukutani, MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI, kisha akauliza kwa upole kama mzee angependa kuangalia alterneta, ana moja orijino kabisa.