Mwongozo wa Kuahirisha kwa Ufundi: Toleo la Kanyaruchinya

Anza na nyumba ya mawe. Hiyo iahirishe, tena bila haya. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulitapika mwaka 1977, ukarudia Januari 2002, ukarudia tena usiku wa 22 Mei 2021, na safari hiyo lava ilifika Buhene, mlangoni mwa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Anayekuita mvivu kwa sababu bado unalala kwenye nyumba ya mbao hajapiga hesabu. Mbao hung'olewa, zikapakiwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, zikapigiliwa kwingine. Ukuta wa mawe haubebeki.

Aliyekula maharagwe ya mbegu badala ya kuyapanda naye usimhukumu haraka. Jaribio la Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, lililochapishwa 2013, linamtetea. Watoto 28 waliahidiwa vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Nusu waliletewa kweli. Kwa nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu, akaomba radhi. Kisha kila mtoto akawekewa peremende moja laini: akisubiri, atapata mbili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa, dakika 3.

Kanyaruchinya, kaskazini mwa Goma, ahadi zilizovunjika zina tarehe. Novemba 2012 kambi ya wakimbizi wa ndani ilitawanyika vita vya waasi wa M23 viliposogea. Ikafurika tena 2022, M23 iliporudi. Mwanzoni mwa 2025, Goma ilipotekwa, watu wakabeba magodoro upya. Aliyepitia hayo akisita kuiamini kesho, akili yake inafanya kazi sawasawa. Nimechoka kusikia kwamba umaskini wa watu hawa unatokana na uvivu.

Ila kuna kuahirisha kwingine ambako volkano haihusiki. Sheria ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inakupa siku 90 za kumwandikisha mtoto aliyezaliwa. Zikipita, unahitaji hukumu ya mahakama, na hiyo ina gharama na safari zake. Wazazi wanaijua faida ya cheti cha kuzaliwa, na bado siku zinakwenda. Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl wameeleza kwamba anayeahirisha mara nyingi hukimbia hisia mbaya inayokuja na kazi, si kazi yenyewe. Mbele ya meza ya ofisi ya kuandikisha watoto kuna hofu ya kudaiwa karatasi iliyopotea njiani, ya kusemeshwa Kifaransa, ya kuonekana huna kitu. Ukisema "nitaenda kesho", moyo unatulia papo hapo. Kesho yake unasema hivyo tena kwa sababu jana ilikutuliza.

Kujikaripia hakuondoi hofu hiyo. Ifunge safari ya ofisini kwenye jambo unalolifanya tayari, kama tafiti za mwanasaikolojia Peter Gollwitzer zinavyoelekeza: "Jumatatu nikirudi kuteka maji, naweka bido chini, namchukua mtoto, naenda." Usiseme "wiki hii". Wala usiende peke yako. Akina mama wa likelemba, kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, wanalijua hili vizuri: mchango hutolewa siku yake kwa sababu kuna mwenzao anayengoja zamu, na wanamjua kwa sura. Mwombe mama mmoja wao akusindikize, akae nawe kwenye foleni, akusemee pale maneno yatakapokukwama. Mtoto akiwa na mwezi mmoja, bado una miezi miwili. Akiwa na miezi miwili na nusu, nenda kesho asubuhi.