Pongezi kwa Kufuta Viza

Mombasa

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Idara ya Huduma za Uhamiaji,
Nyayo House, Nairobi.

KUH: PONGEZI ZILIZOCHELEWA KWA KUFUTA VIZA

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Sisi wa Pwani tunaishi kwa samaki na kwa wageni, na samaki siku hizi wameadimika. Ndiyo maana habari ya mgeni ikitoka Nairobi tunaisikiliza kwa masikio yote mawili.

Tulisikiliza Oktoba 2023, Rais alipokuwa Brazzaville akiahidi kwamba kabla ya mwaka kwisha Mwafrika hataombwa viza kuingia Kenya. Tukasikiliza tena Desemba 12, Sikukuu ya Jamhuri, ahadi ilipokuwa imenenepa: kuanzia Januari 2024 hakuna binadamu yeyote, atoke pembe yoyote ya dunia, atakayebeba mzigo wa kuomba viza ya Kenya. Dunia nzima! Huku kwetu kuna waliokwenda kununua mashuka mapya.

Januari ikafika na neno likatimia. Viza ikafutwa. Mgeni akaambiwa njoo tu, karibu nyumbani. Ila kabla hujaja fungua tovuti yetu, jaza fomu, pakia pasipoti ambayo bado ina uhai wa miezi sita, weka picha ya uso wako, tuonyeshe utaingia lini na kutoka lini, tuthibitishie utalala wapi, ulipe dola 30 kwa kadi, kisha ungoje kama siku tatu hivi tukufikirie. Ukishapata idhini, njoo kwa uhuru kabisa. Jina lake ni eTA, na mtu asije akaichanganya na viza, maana viza, kama tulivyokwisha kukubaliana, imefutwa.

Naandika kukupongeza kwa sababu wengi wamewalaumu bila kuuelewa ufundi wenyewe. Kufuta kitu kikaondoka, hilo hata mtoto wa chekechea na kifutio chake analiweza. Kufuta kitu kikabaki, tena kikaongezewa wateja, hiyo ni kazi ya wataalamu.

Nasema kikaongezewa wateja kwa sababu nimekaa nikapiga hesabu. Mwitaliano wa Malindi, ambaye anakuja kila mwaka hadi wauza vinyago wa ufuoni wamejifunza lugha yake hata kutukana, zamani alilipa dola 50 za viza. Sasa analipa 30. Kwake neno la Rais lilikuwa kweli, au angalau lilikuwa na punguzo, na simwonei wivu. Mwache ale pweza kwa raha zake. Lakini Mmalawi, Mzambia, Mbotswana, hawa walikuwa wakiingia Kenya bila viza na bila senti moja, wakigongewa muhuri mlangoni na kupita. Kisha tukawafutia viza wasiyokuwa nayo, na kwa huduma hiyo tukawadai dola 30.

Yaani aliyekuwa analipa kapunguziwa, na jirani aliyekuwa halipi kapelekewa bili. Msafiri wa mbali tumemwandalia karamu, na gharama tumemwandikia wa karibu.

Na mlichagua wakati wake vizuri mno. Novemba 2023 Malawi ilishusha thamani ya kwacha yake kwa asilimia 44. Watu wanatafuta dola hata za kununulia mafuta na dawa. Hazijapita siku nyingi, Kenya inawaletea habari njema kwamba viza haipo tena, leteni dola.

Mchukulie bibi mmoja wa Blantyre, ambaye mwanawe ameolewa hapa Kisauni na amejifungua. Bibi anataka kuja kumwogesha mjukuu, kama mabibi wote. Miaka yote safari kama yake ilitaka pasipoti, nauli na kapu la zawadi. Mwaka 2024 mjukuu mwingine, yule mwenye simu nzuri, anakaa naye kibarazani kujaza fomu. Wanampiga picha. Kitambaa kinamfunika paji la uso, wanampiga tena. Wanafika penye uthibitisho wa malazi. Malazi ya bibi ni godoro la sebuleni kwa mwanawe, uchochoro wa tatu baada ya duka la Mpemba, na uthibitisho wake ni kwamba binti amekwisha kumwambia, "Mama, njoo." Hiyo anaipakiaje? Aombe wapige picha godoro? Na hapo bado hawajafika kwenye kadi ya benki, ambayo bibi hana, na mjukuu anayo lakini haikubali kulipa nje ya nchi.

Tena huyo ni mzee, ana subira. Zamani mtoto wa chini ya miaka 16 hakuombwa viza kabisa. Chini ya utaratibu huu usio na viza, kila kichwa kilihitaji idhini yake, kitoto cha kunyonya kikiwemo. Nakiri hapo niliwaona watu makini. Huwezi kujua kichanga cha miezi mitatu kinaingia nchini na mpango gani, hasa kikikataa kutazama kamera.

Nisiwe mchoyo wa sifa, hamkuwasahau wote. Ndugu zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hamkuwagusa, na baada ya makelele ya wiki chache mkatoa orodha ya nchi nyingine mlizokuwa na mikataba nazo: Afrika Kusini, Ethiopia, Eritrea, Komoro, Msumbiji, Kongo ya Brazzaville. Na San Marino. Nilidhani macho yamenidanganya, nikaisoma tena. San Marino ni nchi iliyozungukwa na Italia pande zote, ina kilomita za mraba 61, na watu wake wote ukiwaingiza uwanja wa Kasarani viti vitabaki. Sina ugomvi nao, na wakija Mombasa nitawapikia biriani mwenyewe. Nataka tu kufahamu: siku ile San Marino inaketi mezani na Kenya kuweka saini ya udugu, Zambia ilikuwa wapi? Imekwenda chooni?

Mtanijibu kwamba hata wakubwa wanafanya hivyo. Marekani ina ESTA, Uingereza ina ETA, na Ulaya nayo inaiandaa ya kwake kila mwaka na kuiahirisha. Ni kweli. Ila kule kibali cha namna hiyo ni cha wale waliosamehewa viza, na Waafrika waliomo katika hao ni wachache mno: hakuna hata nchi moja ya Afrika ambayo raia wake wanaingia Marekani kwa ESTA. Sisi wengine tungali kwenye foleni ya viza yenyewe. Mkenya anayeomba kwenda Ulaya ya Schengen analipa yuro 90 tangu Juni 2024, anapeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri, wakati mwingine na hati ya shamba, akinyimwa pesa harudishiwi. Tunaujua uchungu huo sana. Kama mlikusudia waliotufanyia hivyo nao waonje, wazo lilikuwa zuri, ila sahani ilipita mlango wa Paris na Berlin ikatua Lilongwe.

Wachunguzi nao hawakuwa na huruma. Benki ya Maendeleo ya Afrika na Umoja wa Afrika hutoa orodha ya kupima nchi zinavyowafungulia Waafrika milango. Mwaka ambao Kenya ilifuta viza kwa dunia nzima, iliporomoka kutoka nafasi ya 29 hadi ya 46. Sidhani kama kuna nchi nyingine iliyowahi kufungua mlango kwa nguvu kiasi hicho ukajigonga ukutani na kurudi kujifunga.

Januari 2025 Baraza la Mawaziri likakaa, likaamua Waafrika wasamehewe hiyo eTA, na kufikia katikati ya mwaka utaratibu ukaanza kutumika. Kwa hiyo mlifuta viza, mkaweka kitu, kisha mkakifuta kile kitu, na bibi wa Blantyre akarudi palepale alipokuwa Desemba 2023, maskini, akiwa amezeeka kidogo. Mjukuu wa kuogeshwa sasa anaoga mwenyewe. Hili nalo tuliambiwa tulipigie makofi kama hatua ya kihistoria ya umoja wa bara, na tulipiga, maana mikono ilikuwa bure.

Tulipiga isipokuwa Walibya na Wasomali, walioachwa nje kwa sababu za usalama. Usalama sina mchezo nao, Pwani na Kaskazini Mashariki tumezika watu. Lakini Somalia iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki kikamilifu Machi 2024. Leo mwananchi wa San Marino anakaribishwa Nairobi kwa mkataba, na mwanajumuiya wa Mogadishu angali anasubiri mlangoni. Kama mna namna ya kumweleza hilo Msomali wa Eastleigh anayengojea shangazi yake, nifundisheni, kwa maana mimi nimejaribu nikafukuzwa dukani.

Nimeandika Nyayo House juu ya barua hii, na mkono ukasita kidogo. Wapo Wakenya walioingizwa katika jengo hilo miaka ya 1980 bila kujaza fomu yoyote, bila ada, wakashushwa chini kabisa, kwenye vyumba vya mateso. Tangu hapo, nadhani, kila ahadi ya kuingia bure inayotoka humo tunaisoma mara mbili.

Sasa maombi. La kwanza, bibi akija mwaka huu, mpeni ofisa atakayemgongea muhuri bila kumuuliza kuhusu godoro. La pili, wakija wageni wenye dola, wapeni hiyo heshima ya kuwaambia ukweli: dola 30 ni ada ya kuingia nchini. Tuna mbuga, tuna bahari, tuna Lamu, ada si aibu. Zanzibar walipoamua kumtoza mgeni dola 44 za bima tangu Oktoba 2024 walisema ni dola 44 za bima, wageni wakanung'unika, wakalipa, wakaenda kuogelea.

La tatu ndilo lililonifanya niketi kuandika. Hapa Mombasa tuna feri ya Likoni. Magari hulipa, lakini mtu wa miguu huvuka bure, asubuhi na jioni, na mzigo wake kichwani. Tafadhali, Mheshimiwa, msije mkamweleza yeyote serikalini ufundi wenu. Tunaogopa wataamka siku moja watufutie nauli.

Wako mtiifu,

Mpokea wageni wa Pwani