Kiboko Yao wa Kiboko

Hapa kwetu mtu akisema "fulani ni kiboko", uliza kwanza anamaanisha nini. Kuna mnyama, kuna mjeledi, kuna kituo hiki chetu kando ya barabara ya Mombasa, kama kilomita 160 kutoka Nairobi, na kuna bingwa asiye na mshindani. Kwa upande wa kompyuta, mimi nilikuwa kiboko wa aina hiyo ya mwisho. Sifa hiyo niliipata mwaka 2004, nilipomwekea mwalimu mkuu Windows XP kwa sidii moja iliyokwaruzika. Niliingiza sidii, nikanywa chai, mashine ikajifanyia kazi yenyewe. Watu waliona chai, wakaona mashine imewaka, wakajumlisha.

Desemba iliyopita dada yangu mkubwa alikuja na laptopu. Aliinunua Nairobi, mtumba wa Uingereza, kwa ajili ya binti yake aliyekuwa anaingia chuo Januari. Ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa umri wake haikukubaliwa kupanda hadi Windows 11.

"Tutaiweka Ubuntu," nikasema. "Ni ya bure."

"Ya bure?" dada akauliza. "Ina ugonjwa gani?"

Nikamweleza kwamba Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwamba jina lenyewe ni ndugu wa neno letu utu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nafasi kama hiyo siipitishi. Dada akasema utu ni mzuri lakini anachotaka ni mashine iwake. Itachukua muda gani? Saa moja, nikajibu. Nusu saa, chai ikiwepo.

Nilihitaji flashi. Yangu ilikuwa imekanyagwa na mbuzi (hadithi ya siku nyingine), kwa hiyo nikachomoa ile iliyokuwa kwenye redio ya kibanda cha dada, anakouzia maembe na machungwa kwa abiria wa mabasi. "Nitairudisha jioni," nikasema. Dada alikuwa anahesabu chenji, akapunga mkono. Naomba msomaji aikumbuke flashi hiyo.

Faili ya Ubuntu ina uzito wa gigabaiti sita hivi, na bando langu lingekata roho kabla ya robo. Nikapanda matatu hadi Makindu kwa rafiki mwenye mtandao wa waya. Faili ikishuka polepole, nikaenda kula kwenye gurdwara, lile hekalu la Sikh lililojengwa mwaka 1926, ambako msafiri yeyote hulishwa bila kulipa na bila kuulizwa dini yake. Nilipokuwa natafuna chapati sikujua kwamba siku nne zilizofuata ningelikumbuka jiko lile kwa machozi.

Kwa sababu kompyuta za zamani zilikuwa hivyo hivyo. Tangu IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo mwaka 1981, programu iliyomo ndani ya mashine, BIOS, ilikuwa na moyo wa gurdwara. Ilisoma baiti 512 za kwanza za diski, ikiridhika na alama mbili zilizoko mwishoni ilikukabidhi nyumba nzima. Za siku hizi zina UEFI, iliyotokana na kazi ya Intel ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuwekwa chini ya baraza la kampuni nyingi mwaka 2005. UEFI haina haja na baiti 512 za mtu. Inaingia kwenye flashi, inatafuta folda iitwayo EFI, ndani yake BOOT, ndani yake faili BOOTX64.EFI. Isipoikuta inaondoka kimya, kama mgeni aliyekuta kufuli mlangoni.

Mimi nilikuwa nimeitia ile faili kwenye flashi vivyo hivyo ilivyo, kama mtu anavyonakili wimbo. Yaani nimemwekea mgeni gunia la mahindi mezani, kisha nashangaa mbona hali muthokoi. Mahindi lazima yakobolewe kwanza. Kuna programu ya kazi hiyo. Nikaipata, nikaiamuru iandike flashi upya. Ikaniuliza kama nina hakika, maana kila kilichomo kitafutika. Mimi? Kiboko yao? Nikabonyeza ndiyo kabla haijamaliza kuuliza.

Sasa kazi ikawa kuishawishi mashine iitazame flashi kabla ya diski yake. Kuna kitufe cha kubonyeza wakati inawaka, na kila mtengenezaji amechagua chake: F2, F12, Esc, Delete. Tena mashine hizi huwaka mbio hata huna muda wa kubonyeza. Nikabonyeza F12, nikachelewa. Nikabonyeza F2, nikawahi mno. Nikavibonyeza vyote kwa pamoja kama mpiga kinanda wa kanisani, mashine ikapiga mlio mrefu na kuganda. Watoto wa jirani wakajipanga dirishani kuhesabu. Walipofika ishirini na saba mmoja akaondoka kwenda kuchunga mbuzi, akisema atarudi.

Hapo karibu na chemchemi ya Kiboko ipo Hunter's Lodge, hoteli iliyoanzishwa na John Hunter, mwindaji ambaye miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimtuma kuua vifaru wa Makueni, akaangusha karibu 1,000. Wazee humtaja kama mtu wa ajabu. Simtetei, vifaru wale tungewahitaji leo. Lakini Hunter alikuwa na bahati moja: kifaru alionekana. Mimi nilikuwa nawinda kitu kinachoishi sekunde mbili.

Siku ya tatu nikaingia kwenye mipangilio ya mashine, na humo ndani nikaona neno lililonichangamsha: Legacy. Yaani ile njia ya kizamani! Nikaichagua kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule ya msingi. Flashi ikasomeka, nikafuta diski nzima, Ubuntu ikaingia, nikanywa chai. Nikamwita dada, akaja na majirani wawili. Ilikuwa kama 2004.

Ningeiacha hapo. Lakini saa ya mashine ilikuwa nyuma kwa miaka kumi, na mwalimu hapendi tarehe mbaya ubaoni. Nikarudi ndani, nikarekebisha tarehe, nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi, F10. Kilicho jirani yake, F9, kazi yake ni kurudisha mipangilio yote ya kiwandani. Vidole vyangu ni vinene.

Mashine ilipowaka ilisema haioni kifaa chochote cha kuanzia. Legacy ilikuwa imezimwa, UEFI imerudi kazini, na UEFI ilipotafuta folda yake kwenye diski haikuikuta, kwa kuwa mfumo niliouweka kizamani haukuwa umeiandaa. Ubuntu ilikuwemo nzima. Ila mwenye mlango alisema hamjui mtu huyo.

Hapa Kiboko tuna kituo cha utafiti ambako mahindi hunyimwa maji makusudi ili ijulikane yapi yatastahimili ukame. Usiku ule nilijiona muhindi mmoja katika mistari yao, na mtafiti anapita na daftari.

Asubuhi mpwa wangu, mwenye laptopu yake, akaketi kando yangu na uji.

"Mjomba, kwa nini unaipeleka zamani?"

"Kwa sababu zamani ilifanya kazi."

"Lakini yenyewe inataka mpya. Si tuiweke tu kwa njia yake?"

Akaiacha UEFI kama ilivyo, akachomeka flashi, akabonyeza F12 mara moja, kwa kidole kimoja, na uji mkono wa pili. Orodha ikajitokeza. Watoto dirishani wakapiga makofi. Nikamtahadharisha kuhusu Secure Boot, ule ulinzi uliokuja kwa kishindo na Windows 8 mwaka 2012, unaokataa kuwasha programu isiyo na saini inayotambulika. Mimi nilikuwa nimeuzima siku ile ya tatu kwa hofu. F9 yangu ilikuwa imeuwasha tena.

"Uache," akasema. Kumbe Ubuntu hutanguliza kiprogramu kidogo kilichotiwa saini na Microsoft, nacho ndicho kinachoidhamini iliyobaki.

Hapo nikaelewa mara moja. Ni barua ya chifu! Unakwenda kuomba kitambulisho, karani hakujui, hajali kwamba ulizaliwa hapa na kitovu chako kimezikwa hapa. Anataka karatasi yenye muhuri wa mtu anayemjua yeye. Siku nne nilikuwa nikigombana na karani, na barua ilikuwa mfukoni mwangu.

Dakika ishirini na tano baadaye mashine ilikuwa tayari. Chai haikuwa imechemka.

Jioni nikairudisha flashi kibandani, nikiwa na furaha ya mtu aliyetimiza ahadi. Dada akaichomeka kwenye redio. Taa ikawaka, redio ikanyamaza. Akaichomoa, akaipuliza, akaichomeka tena. Humo mlikuwa na nyimbo za Kakai Kilonzo, nyimbo zote za kwaya yake, na mahubiri ya mazishi ya mama.

Mahubiri, namshukuru Mungu, mpwa alikuwa nayo kwenye simu. Nyimbo hakuwa nazo.

"Ziko wapi?" dada akauliza.

Nikaanza kumweleza jinsi flashi inavyogawanywa upya.

"Sijauliza zilipitia wapi. Nimeuliza ziko wapi."

Nikanyamaza pamoja na redio. Basi la Mombasa likakata kona na kusimama. Dada akanikabidhi ndoo ya maembe, akajifunga kanga vizuri.

"Haya, mwalimu. Wateja wangu wamezoea muziki."

Abiria wa dirisha la tatu akauliza maembe bei gani, nami nikamjibu kwa sauti ya Kakai Kilonzo.