Neema ya Punguzo

Kitabu cha kielektroniki cha bei ya punguzo kimemkomboa mpenzi wa hadithi za upelelezi aliyeko Kasongo, mashariki mwa Kongo. Huuzwa dola 0.99, hakipiti forodhani, wala hakikwami matopeni katika njia ya Kindu. Mara nyingi hutakiwa kadi ya benki tu. Hapo pesa iliyomo katika simu hainunui kitabu kinachosomwa ndani ya simu hiyohiyo, na fumbo hilo, ambalo lingemmalizia mpelelezi Bwana Msa tumbaku ya kiko chake, hutolewa bure kabla ya ukurasa wa kwanza.

Chaji si tatizo. Simu hupelekwa sokoni kwa mwenye sola, ikapanga foleni nyuma ya mashine ya kunyolea, ikarudi jioni na asilimia 40: zinatosha sura 2 na maiti 1. Hadithi zenyewe ni za Kiingereza, jambo linalozidisha taharuki, kwa kuwa msomaji hamjui muuaji hata akishatajwa.

Vitabu vya zamani vilikuwa na kasoro. *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kisa cha Bwana Msa kilichotoka 1960, hakikuhitaji nywila, na jirani aliweza kukiazima, tabia mbaya ambayo sasa imekomeshwa. Usafiri nao ulikuwa wa polepole: misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip ilitumia miezi kutoka Kasongo hadi pwani. Sasa mambo ni ya haraka: punguzo huisha saa sita usiku, saa za Marekani. Tangazo lake hufika mtandao unaporudi, Alhamisi hivi, likimhimiza msomaji awahi kabla ya Jumanne.